Je, una shughuli yoyote isiyokulipa?

Mwulize mkazi wa Magongo anafanya kazi gani, naye atakujibu hata kabla hujamaliza swali. Yuko bandarini kwa zamu. Anaendesha lori la makontena. Ni bawabu karibu na uwanja wa ndege, au ana kibanda cha M-Pesa, au anauza mitumba kando ya barabara. Mwulize tena: kazi ikiisha, wapenda kufanya nini? Hapo utamwona akisita. Wengine husema "kulala". Wengine hucheka tu, kana kwamba umewauliza mambo ya matajiri.

Lakini swali hilo halihusu utajiri. Linahusu afya yako, na lafaa kuulizwa pamoja na yale mengine ambayo daktari hukuuliza kila mara: Je, unavuta sigara? Unakula chumvi nyingi? Unalala saa ngapi?

Tuanze na kazi yenyewe. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya madhara ya kufanya kazi kupita kiasi. Yalisema kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 35, ya kupatwa na kiharusi kuliko yule anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Hatari yake ya kufa kutokana na maradhi ya mishipa ya moyo huzidi kwa asilimia 17. Sasa piga hesabu yako mwenyewe. Ukiwa mlinzi wa zamu ya saa 12, siku ya Ijumaa jioni umekwisha kufika saa 60, na Jumamosi bado yakungoja. Hapo hatujahesabu muda uliopotea ndani ya matatu msongamano ukianzia Kibarani.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa humu nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana shinikizo la damu lililopanda. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa hawajawahi kupimwa hata siku moja.

Makala haya hayakuambii uache kazi, kwani kodi ya nyumba haingoji. Yanakuuliza unafanya nini na saa chache zinazobaki.

Kujipumzisha kwa namna gani?

Utasema: mbona napumzika? Nikifika nyumbani huvua viatu, nikawasha televisheni, nikashika simu. Siku ya mapumziko nakaa barazani na wenzangu, twatafuna muguka na kuzungumza.

Kuzungumza na wenzako ni jambo zuri na usiliache. Muguka ni habari nyingine. Ndani ya majani hayo, kama ilivyo katika miraa, mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huusukuma moyo upige mbio, hupandisha shinikizo la damu na hufukuza usingizi. Mtu aliyetafuna kutwa nzima hajapumzika hata kidogo. Ameuendesha mwili wake kama lori lililoachwa likinguruma mahali limeegeshwa. Simu nayo, ukiitazama kwa saa tatu mfululizo, aghalabu hukuacha na macho mekundu, shingo inayouma, na hasira juu ya mambo ya watu usiowajua.

Lugha yetu yenyewe ina onyo hapa. Watoto shuleni hufundishwa kwamba uraibu ni shughuli umpendayo mtu kuifanya wakati wa faragha, kama vile kusoma, kufuma au kucheza kandanda. Lakini wazee wa Pwani waliposema uraibu walimaanisha tambuu, tumbaku na vitu kama hivyo, yaani kitu ukikikosa huna raha. Neno ni moja, nayo maana ni mbili zilizo mbali kama Magongo na Lunga Lunga. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kujitazama baada ya kumaliza. Ukimaliza kufuma kitambaa, kitambaa kipo. Ukimaliza mfuko wa muguka, kilichopo ni hamu ya mwingine.

Wataalamu wanapozungumzia shughuli za kujifurahisha wanamaanisha kitu unachokifanya kwa hiari, kinachokutaka utumie mikono au akili kidogo, na ambacho hakuna mtu anayekusimamia. Kupika bila kulazimishwa ni mfano. Kushona, kuandika, kulima mchicha ndani ya gunia, kutembelea mahali usipopajua, hayo yote yamo.

Ushahidi upo. Mwaka 2023 jarida la tiba la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliokusanya habari za watu 93,263 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kutoka nchi 16. Waliokuwa na shughuli ya kujifurahisha walikuwa na dalili chache zaidi za sonona, na walijiona wenye afya na furaha kuliko wasiokuwa nayo. Huko Denmark zaidi ya watu tisa kati ya kumi walikuwa na shughuli kama hiyo, ilhali China hawakufika wanne kati ya kumi.

Msomaji makini atauliza maswali mawili. Kwanza, je, si kweli kwamba mtu mwenye afya ndiye mwenye nguvu ya kujifurahisha? Ni kweli, na utafiti wa aina hiyo hauwezi kuuondoa wasiwasi huo kabisa, ingawa watafiti waliwafuatilia watu wale wale kwa miaka kadhaa ili kuupunguza. Pili, Afrika iko wapi? Haimo. Nchi zote 16 zilikuwa za Ulaya, Marekani na Asia. Hata hivyo mwili wa mtu wa Changamwe hauna moyo wa aina nyingine, na mambo yanayoutuliza moyo huo tunayo hapa hapa.

Wachongaji wa barabara ya Port Reitz

Ukishika barabara ya Port Reitz kuelekea uwanja wa ndege, utawakuta wachongaji wa chama cha ushirika cha Wakamba, kilichoanzishwa mwaka 1963. Kwa miaka mingi watalii wamekuwa wakipelekwa pale kuona twiga, simba na vinyago vikitoka katika magogo ya mpingo na mhugu, na siku hizi pia mwarobaini, baada ya miti ile ya zamani kuadimika.

Sanaa hiyo ina asili ya kupendeza. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu huko Ukambani, alikuwa fundi wa kuchonga hata kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipomfikisha Tanganyika, aliona kazi ya Wazaramo, akajifunza kwao, kisha akarudi nyumbani na ujuzi huo. Watu wengi wa Wamunyu walianza kujifunza kuchonga kupitia kwake, hata ikawa biashara ya kufikisha vinyago Mombasa, Nairobi na ng'ambo.

Basi waweza kudhani kwamba wachongaji wale ndio watu wenye raha kuliko wote Magongo, kwa kuwa hushinda na tezo na patasi wakifanya jambo ambalo wengine wangelifanya kwa kujifurahisha tu. Simama nao kidogo. Mtu anayepaswa kumaliza twiga 40 wanaofanana, wa kimo kimoja, kabla mnunuzi hajaja, naye analipwa kwa idadi, hana burudani pale. Ana kazi kama kazi nyingine, tena yenye vumbi la msasa ambalo likivutwa miaka mingi hudhuru pua na mapafu. Mchongaji huyo naye anahitaji kitu kingine cha kujiburudisha akifika nyumbani.

Nataja jambo hili kwa sababu mjini kwetu pana ugonjwa mmoja: mtu akionekana anaweza kitu, papo hapo huambiwa akiuze. Umepika mahamri mazuri? Fungua kibanda. Umeshona dera la binti yako likampendeza? Weka tangazo. Ushauri huo ni wa nia njema, na kwa anayehitaji pesa ni ushauri mzuri. Lakini siku utakapoanza kupokea oda, kubishania bei na kukesha ili mteja asikasirike, ile dawa itakuwa imekwisha. Ikikubidi uuze, basi uza. Ila jibakizie kitu kingine, hata kiwe kidogo namna gani, kisichouzwa.

Jikoni kwa nani?

Hapa ni lazima tuseme ukweli ambao akina baba huenda wasiufurahie. Makala mengi ya afya husifu upishi kama burudani. Mwambie hivyo mama wa Magongo ambaye ameamka saa kumi usiku kuchota maji, akapika chai, akawavisha watoto, akaenda kazini, akarudi jioni kusonga ugali wa watu saba. Atakutazama tu.

Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya wakati, uliofanywa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia muda wa karibu mara 5 kuliko wanaume katika kazi za nyumbani na za kulea ambazo hazina malipo. Kwa hiyo kupika kwa mwanamke mmoja ni mzigo, na kwa mumewe huenda kukawa ndiyo burudani aliyokuwa akiitafuta. Kama wewe ni mwanamume na hujui ufanye nini Jumapili, ingia jikoni. Hakuna aibu. Hapa Pwani, masufuria makubwa ya pilau ya harusi aghalabu hupikwa na wanaume, na hakuna anayewacheka.

Anza na kitu kinachotaka subira. Mahamri ni mfano mwema. Unakuna nazi kwa mbuzi, unachuja tui kwa kifumbu, unatia hamira, sukari na iliki katika unga, kisha unakanda. Kukanda huko ndiko kwenye faida. Viganja, mikono na mabega hufanya kazi kwa mwendo mmoja unaorudiwarudiwa, na harufu ya iliki inapanda. Huwezi kukanda huku unasoma simu, kwani vidole vimejaa unga. Halafu unafunika na kungoja uumuke, na kungoja huko nako ni mapumziko ambayo hakuna awezaye kuyaharakisha.

Unapopika mwenyewe una jambo jingine mkononi mwako, nalo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, tena kwa vyakula vyote pamoja. Kibandani hujui kilichotiwa. Nyumbani waweza kupunguza chumvi na vidonge vya mchuzi, ukaongeza ndimu, tangawizi, kitunguu thomu na bizari, na ulimi usione tofauti kubwa baada ya wiki chache. Tui nalo ni tamu, lakini lina mafuta mengi ya aina inayoganda. Wali wa nazi wa tui jepesi ni wali wa nazi bado. Tui zito liache kwa siku ya wageni. Mafuta ya kukaangia mahamri usiyatumie tena na tena mpaka yawe meusi.

Na tafadhali, kama unatumia jiko la makaa, lipeleke uani au ufungue mlango na dirisha. Moshi wa makaa yanayowaka chumbani una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu wamekwisha kulala wasiamke. Hata makaa yakionekana yamekuwa majivu, usilale nayo ndani ya chumba.

Sindano na pumzi

Miaka ya 1970, daktari mmoja wa moyo wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Herbert Benson, alieleza jambo ambalo watu wa dini mbalimbali walikuwa wakilijua kwa uzoefu. Mtu akirudia neno, sauti au mwendo mmoja kwa utulivu, na mawazo yakimjia akayaacha yapite bila kushindana nayo, mwili hubadilika. Pumzi huwa ya polepole, mapigo ya moyo hupungua, misuli hulegea. Ni kinyume cha ile hali inayotupata dereva wa lori anapotupigia honi ya ghafla tukiwa tunavuka barabara.

Kushona kwa mkono kumo katika jambo hilo. Sindano huingia, hutoka, uzi huvutwa, na mwendo ni ule ule. Watu wa Pwani wana kazi ya aina hii ambayo ni ya hali ya juu kabisa, nayo ni kofia za vito. Tundu dogo hutobolewa katika kitambaa cheupe, kisha ukingo wake huzungushiwa uzi, halafu tundu jingine, na jingine, mpaka nakshi itokee. Kofia moja yaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Mtu asiyeijua kazi hiyo hushangaa subira hiyo inatoka wapi. Nadhani swali lingegeuzwa: mshonaji anaipata subira yake katika kofia.

Kama kofia ni ngumu, anza na kroshia. Ni nyumba gani ya Magongo isiyokuwa na vitambaa vya makochi? Sindano moja ya kufumia na kibonge cha uzi si ghali, na kazi yake unaweza kuibeba ndani ya mkoba, ukaifanya ukingoja foleni ya hospitali. Wanaume nao wasijitenge. Fundi cherehani wengi wa mji huu ni wanaume, basi kwa nini iwe ajabu mwanamume kubandika kifungo cha shati lake?

Macho ndiyo ya kuangaliwa. Baada ya miaka 40 hivi karibu kila mtu huanza kuona kwa shida vitu vilivyo karibu, na hapo wengi husema "nimezeeka, nimeacha kushona", ilhali kilichopungua ni miwani tu. Kapimwe. Keti penye mwanga wa mchana, mwanga ukitokea ubavuni. Kila baada ya dakika 20 inua kichwa utazame kitu cha mbali, hata kama ni ndege inayotua. Vaa subana kidoleni. Ukihisi ganzi katika vidole, hasa usiku, pumzisha mikono siku kadhaa, na ikiendelea mwone daktari.

Karatasi ambayo hataisoma mtu

Kuna wasomaji wasiopenda jiko wala sindano. Hao wajaribu kalamu.

Mwaka 1986, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake, walichapisha jaribio lililofanyiwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Baadhi yao waliandika mambo ya kawaida. Wengine waliandika jambo lililowaumiza sana maishani, pamoja na hisia zao juu yake. Katika miezi iliyofuata, walioandika uchungu wao pamoja na habari yenyewe walikwenda kwa daktari wa chuo mara chache zaidi. Majaribio mengi yamefanywa tangu hapo, na kwa jumla faida imeonekana ipo ingawa si kubwa sana. Mtu asidanganywe kwamba daftari litamponya kisukari.

Lipo jambo la kujihadhari nalo. Katika jaribio lile la kwanza, mara tu baada ya kuandika, watu walijisikia vibaya zaidi, hata shinikizo la damu likapanda kidogo. Nafuu ilikuja baadaye. Kwa hiyo usiandike jambo zito usiku wa manane ukiwa peke yako, na kama jambo lenyewe ni la juzi tu na bado linakuchoma, liache lipoe kwanza au uzungumze na mtu.

Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huu, alifungwa kwa sababu ya siasa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, muda mwingi akiwa amewekwa peke yake. Hakuruhusiwa vifaa vya kuandikia. Akaandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni, nayo yalichapishwa mwaka 1973 katika kitabu kiitwacho Sauti ya Dhiki. Aliyeandika mle hakuwa na msomaji wala malipo, wala hakuwa na hakika kwamba karatasi zile zitatoka nje ya kuta. Wewe una daftari la shule la mtoto lenye kurasa zilizobaki.

Huna haja ya kuandika mashairi ya vina na mizani, ingawa ukiweza, ni mazoezi mazuri ya akili. Andika ulichokula, uliyekutana naye, lililokuudhi leo kwenye matatu. Andika kumbukumbu za mama yako juu ya Magongo ilivyokuwa kabla ya maghorofa haya. Kama utaandika yanayouma, tafuta mahali pa kulificha daftari, kwani katika nyumba yenye vyumba sita na ukumbi mmoja siri haikai.

Safari bila pasipoti

Juu ya safari sina maneno mengi, maana wengi hufikiri safari ni lazima ipandiwe ndege. Wakazi wa Magongo wamezoea kuziona ndege zikipita juu ya mabati yao, zimejaa watu waliotoka mbali kuja kuiona Mombasa ambayo wao wenyewe hawajaizunguka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wanaume 12,338 wa Marekani waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, kwa muda wa miaka 9. Wale waliochukua likizo mara kwa mara kila mwaka walikufa kwa idadi ndogo zaidi, hasa kwa maradhi ya moyo. Likizo hizo hazikuwa lazima za mbali.

Kwa hiyo panda feri ya Likoni, ambayo mwenda kwa miguu halipi kitu, uende na kurudi kwa ajili ya upepo tu. Keti bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya mwaka 2019, uangalie meli zikiingia. Ingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ambayo watu wengi wa Changamwe mara ya mwisho waliiona wakiwa darasa la saba. Ukiweza kuweka akiba, stesheni ya reli ya Miritini iko karibu yetu kuliko ilivyo karibu na watu wa mjini. Treni ya vituo vidogo itakupeleka Mariakani au Voi. Toka asubuhi ukiwa na chupa ya maji na chakula ulichopika mwenyewe.

Kazi inapokwisha

Kuna sababu ya kuyaanza haya mapema, ungali na kazi na nguvu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963. Mnamo Septemba 2013 kikaacha kusafisha mafuta. Miaka michache baadaye, reli mpya ilipoanza kubeba makontena, wenye malori na mabohari ya upande huu wakalalamika kwamba riziki yao imekatwa, na mwaka 2019 watu wakaandamana mjini. Kila mara mambo kama hayo yanapotokea, nyuma yake wapo watu ambao kwa miaka 20 walijulikana kwa kazi yao tu: fulani wa rifaineri, fulani wa bandari. Kazi ikiondoka, mtu hubaki hana jibu la nani yeye asubuhi ikifika. Daftari, sufuria au sindano haitalipa karo ya mtoto. Itampa sababu ya kuamka, na kwa mtu aliyepotewa na kazi sababu hiyo si jambo dogo.

Na shughuli hizi zina faida moja ambayo haizungumzwi sana. Ni kipimo. Mtu akipatwa na sonona, mojawapo ya dalili kuu ni kupoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Mama aliyekuwa haachi kufuma ameweka uzi chini, na ukimwuliza anasema "sijisikii". Baba aliyekuwa akiimba akipika pilau sasa hata harufu yake haitaki. Hali hiyo ikidumu karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hasa ikifuatana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, kujilaumu au kutamani kufa, usimwambie kwamba ni mvivu, wala usimpe sindano na kumlazimisha afume. Huyo anahitaji matibabu, na matibabu yapo. Jopo la kitaifa la afya ya akili, lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili nchini yatangazwe kuwa janga la dharura, na mojawapo ya mambo yanayowachelewesha wagonjwa ni aibu.

Kwa watu wa Magongo, Hospitali ya Port Reitz iko karibu, nayo imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Ukimpeleka mtu wako, mweleze daktari sio tu kwamba halali au hali, bali pia alichokuwa akikipenda, na siku alipokiacha.